Bi Dodoso na Swali la Kumi na Saba

Wanafunzi walimbandika jina la Bi Dodoso mwaka wake wa kwanza wa kufundisha chuoni, na jina likamganda. Hakukuwa na mhadhiri mwingine aliyetembea na karatasi za maswali mkobani hata akienda kununua mkate. Ukikaa naye kwenye benchi dakika tano, alikuwa ameshakuuliza umri wako, kazi yako, mahali unapoabudu, na kama mara ya mwisho ulipougua ulianzia kwa daktari au kwenye maombi. Jina lenyewe halikumuudhi. Alilitumia hata kwenye simu: "Ndiyo, Bi Dodoso hapa. Nani mwenzangu?"

Alikulia katika nyumba yenye meza moja. Upande mmoja wa meza hiyo alikaa mama yake, mpimaji wa maabara ya hospitali, akinakili matokeo ya vipimo kwa mwandiko mdogo ulionyooka. Upande wa pili alikaa baba yake, mwinjilisti, akiandaa mahubiri ya Jumapili. Walibishana kuhusu mambo mengi. Baba akiirefusha sala ya chakula, mama alikuwa akisema bila kufumbua macho, "Fupisha, Mwinjilisti. Chakula kinapoa, na wadudu wanapenda uvuguvugu." Baba alimalizia "Amina" huku akijizuia kucheka, na wote wakala.

Alipoingia chuo kikuu kusomea biolojia, alishangaa kukuta watu wanaokasirishana kweli kwa jambo ambalo nyumbani lilikuwa mzaha wa mezani. Katika wiki moja tu, mhadhiri wa biolojia aliwataka wanafunzi wanaosali kabla ya mtihani wanyooshe mikono, kisha akawacheka mbele ya darasa zima. Siku tatu baadaye, mhubiri mgeni kwenye ibada ya wanafunzi akasema kwamba anayesomea asili ya viumbe ameiweka roho yake rehani. Yule binti alikaa kwenye vikao vyote viwili akiwa na daftari lile lile, akaandika maneno ya wote wawili kwenye ukurasa mmoja. Swali likamwingia na halikutoka tena: hivi watu wa kawaida, wale wanaopanga foleni hospitalini na kujaza nyumba za ibada, wanaishi ndani ya vita hivi, au ni vita vya watu wenye vipaza sauti?

Alipomaliza digrii ya kwanza akahamia masomo ya dini na jamii. Akafanya udaktari wake juu ya swali hilo. Akaajiriwa na chuo hicho hicho, akapewa ofisi iliyokuwa stoo ya ramani, kwenye ukumbi unaounganisha majengo ya sayansi na majengo ya elimu ya dini. Watu wa sayansi walimhesabu kuwa wa dini, watu wa dini wakamhesabu kuwa wa sayansi, na matokeo yake barua za vikao hazikumfikia kutoka upande wowote.

Utafiti uliompatia jina ulimchukua miaka mitatu. Alizunguka wilaya tano, kwenye zahanati, madarasa, karakana na nyumba za ibada, akawahoji watu elfu moja mia moja na arobaini. Swali la kumi na saba kwenye dodoso lake lilisema: "Je, kwa maoni yako, dini na sayansi zinapingana?" Chini yake kulikuwa na visanduku vitatu: Ndiyo, Hapana, Sijui. Asilimia sabini na moja walijibu Ndiyo.

Matokeo yalichapishwa kwenye jarida linaloheshimika, na kutoka hapo yakaota miguu. Redioni aliitwa mara nne. Wahubiri walilitaja lile sabini na moja kuonyesha kwamba sayansi inawapokonya watu imani. Wanasayansi walilitaja hilo hilo kuonyesha kwamba dini inawafumba watu macho. Pande zote mbili zilimpenda, naye, si siri, kichwa kilimvimba kidogo. Alinunua hata fremu ya kutundikia ukurasa wa kwanza wa makala yale.

Miaka minane ikapita. Baba yake alikuwa ameshafariki, na mama, aliyestaafu zamani, alihamia kwake baada ya presha kuanza kumsumbua. Kila Jumanne ya kwanza ya mwezi walikwenda pamoja kliniki. Huko foleni ilikuwa ndefu, viti ni vya plastiki, na feni moja ya darini ilizunguka kama inayolazimishwa. Wakati huo Bi Dodoso alikuwa akijiandaa kurudia utafiti wake kwa watu wengi zaidi. Siku moja, ili kuua muda, akatoa karatasi mkobani.

"Mama, nikuhoji?"

"Nihoji. Angalau leo utanisikiliza mpaka mwisho."

Mama alijibu maswali kumi na sita bila shida. Alipofika la kumi na saba akasema, "Ndiyo. Zinapingana."

Kalamu ya binti ikasimama hewani. "Mama! Wewe? Uliyepima damu miaka thelathini na kuimba kwaya miaka thelathini?"

"Sasa kwani si umeniuliza kama zinapingana? Zinapingana. Kama mimi na baba yako."

"Kama wewe na baba?"

"Tulipingana miaka thelathini na tisa, mwanangu. Asubuhi tunapingana, mchana tunapingana. Umeona siku hata moja tumelala vitanda tofauti?"

Bi Dodoso alicheka mpaka watu wakageuka. Kisha akalisoma tena lile swali. Akamgeukia mama mmoja mwenye kitambaa cha kijani aliyekaa kiti cha pili, akamuuliza swali lile lile.

"Ndiyo, zinapingana," yule mama akajibu. "Mchungaji wetu na daktari wa hapa hawaivi chungu kimoja kabisa. Wakikutana hapo nje hawasalimiani."

"Na wewe mwenyewe, hivyo viwili unavionaje?"

"Mimi? Mimi nina ugomvi gani? Natoka kwenye maombi nakuja hapa."

Bi Dodoso aliikunja ile karatasi, akairudisha mkobani. Alipoandika neno "zinapingana" miaka ile, kichwani mwake lilikuwa na maana moja tu, kwamba mtu hawezi kushika vyote viwili, akikubali kimoja lazima akitupe kingine. Hakuwahi hata siku moja kumuuliza mtu yeyote alilielewaje.

Wiki iliyofuata alifukua madaftari ya zamani yaliyokuwa na anwani za watu aliowahoji. Wengine walikuwa wamehama, wengine wamefariki. Kwa muda wa miezi minne, kila alipopata nafasi, aliwatafuta wale waliojibu Ndiyo, akawapata sitini na wanne. Safari hii hakuwapa visanduku. Aliwaambia tu, "Uliniambia zinapingana. Nielezee."

Watu kumi na wanane walimaanisha alichokuwa amedhania. Ishirini na saba walimaanisha kama mama yake, kwamba zinabishana na bado zinakaa nyumba moja. Kumi na tisa waliobaki walikuwa na yao: kuna waliozungumzia watu na si mambo, kuna waliodhani anawauliza habari za shuleni, na kuna fundi seremala mmoja aliyejibu kwa upole, "Siku ile ulikuwa umekunja uso, mama. Nikaona nikisema Hapana utasikitika, na umetoka mbali."

Ile asilimia sabini na moja iliyonukuliwa kila mahali ilikuwa imesimama juu ya neno lililoyumba.

Mkuu wa idara alikuwa mtu mwema, mwenye tabia ya kufuta miwani kila anapotaka kusema jambo gumu. Faili la kumpandisha Bi Dodoso kuwa profesa mshiriki lilikuwa mezani kwake. Alipomaliza kumsikiliza aliifuta miwani muda mrefu sana.

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi, wewe, na mama yangu."

"Basi sikiliza. Kamati inakaa baada ya miezi mitatu. Ngoja upate cheo kwanza. Ukishakipata, andika masahihisho kwa raha zako, hata kurasa mia."

"Lakini Profesa, cheo chenyewe kinatokana na makala hayo hayo."

"Ndiyo maana nakuambia usiyaguse! Nani aliyekulalamikia? Kuna mtu amekufa?"

Bi Dodoso aliinuka. Alitoka na mkoba wake, na kwa kweli alitoka akiwa amekubali nusu. Miezi mitatu si mingi. Alikuwa amekaa miaka kumi na miwili kwenye stoo ya ramani, na alikitaka kile cheo kama mtu mwingine yeyote angekitaka.

Alipofika nyumbani mama yake alikuwa kibarazani akichambua maharage kwenye sinia. Akamsimulia yote, pamoja na ushauri wa mkuu wa idara. Mama aliendelea kuchambua.

"Nimewahi kukuambia habari ya siku niliyochanganya damu za watu wawili?"

"Hapana."

"Hukuambiwa kwa sababu niliona haya. Nilikuwa na mwaka wa tatu kazini. Nikampa mtu majibu ya mwenzake, akaondoka. Nilipogundua, mkuu wangu akaniambia, tulia, atarudi mwenyewe wiki ijayo, utarekebisha kimya kimya. Nikatoka mbio na koti langu jeupe mpaka kituo cha basi, kiatu kimoja mguuni, kingine sijui kilibaki wapi. Nilimpata ameshaweka kidonge kiganjani."

"Je, kingemdhuru?"

"Sijui. Pengine kisingemfanya chochote. Lakini majibu yakishatoka maabara, mwanangu, hayakai mahali yakakusubiri ujisikie vizuri. Mtu anayameza."

Binti alichukua kiganja cha maharage akaanza naye kuchambua. Walikaa hivyo mpaka sinia ikaisha. Kesho yake asubuhi akaliandikia jarida. Alieleza kosa, akaambatisha maelezo ya watu sitini na wanne, akaomba makala yake yaondolewe.

Yaliyofuata hayakuwa matamu. Faili lake lilirudishwa kabatini. Kwenye chumba cha chai mwenzake mmoja alizoea kumpokea kwa kuuliza, "Bi Dodoso, leo asilimia ngapi?" na wengine wakatazama vikombe vyao. Redio haikupiga tena. Mhubiri mmoja aliyekuwa akiitumia ile namba kila mwezi alimpigia simu kumlaumu kwamba amemwaibisha, na mchana huo huo mhadhiri wa biolojia, yule wa zamani, akamsimamisha ukumbini kumwambia maneno yale yale. Alipokuwa akimsimulia mama yake alisema, "Angalau nimewaunganisha. Ni mara ya kwanza wanakubaliana."

Lakini mzaha huo ulikuwa wa juu juu. Kwa karibu mwaka mzima alifundisha vipindi vyake, akasahihisha mitihani, akarudi nyumbani. Fremu aliishusha ukutani, pakabaki alama ya mraba mweupe. Alikuwa na miaka arobaini na tano na hakujua aanzie wapi.

Akaanzia kwenye viti vya plastiki. Aliomba ruhusa hospitalini ya kukaa kliniki ya presha kila Jumanne, bila dodoso, akiwa na kinasa sauti kidogo tu kwa wale watakaokubali. Muuguzi mkuu wa kliniki, mwanamke mrefu asiyependa mambo mengi, alimruhusu kwa sharti moja: "Usinizibie mlango."

Katika mwezi wake wa tatu hapo alikuja dereva wa lori, mtu wa makamo, mwili mkubwa, sauti ndogo. Alikuwa amepotea kliniki miezi saba, na presha yake ilikuwa imepanda mpaka muuguzi akaipima mara mbili.

"Uliacha dawa," muuguzi akasema.

"Niliacha, sista."

"Kwa sababu ya maombi."

"Hapana, sista."

"Hapana vipi? Mara ya mwisho ulikuja hapa umenishikia bango kwamba umeombewa."

Dereva alimtazama Bi Dodoso kama anayeomba msaada, kisha akakusanya nguvu. "Sista, usinikasirikie. Mimi nilikuja siku ile kukuambia habari njema tu. Nilitaka tufurahi wote. Wewe ukaniambia, 'Basi chagua, maombi au vidonge.' Mimi sikuwa nimefikiria kuchagua. Lakini uliponiambia nichague..." Akainua mikono, akaishusha. "Ningemchagua nani, sista? Ningemkana Mungu kwa ajili ya kidonge?"

Muuguzi alifungua kile kitambaa cha kupimia kutoka mkono wa dereva taratibu, akakikunja, akakikunjua, akakikunja tena.

"Nilikuambia hivyo?"

"Ulikuwa na kazi nyingi, sista."

Akampa dawa, akamwelekeza, akamwambia arudi baada ya wiki moja. Foleni ilipokwisha, alimfuata Bi Dodoso aliyekuwa akikusanya vitu vyake.

"Daktari, hayo unayoyanasa... wangapi wamesema kama yule?"

"Wa kliniki hii? Tisa mpaka sasa."

Muuguzi aliketi kwenye kiti cha mgonjwa. "Miaka kumi na minane nimekuwa nikiwaambia wachague. Nilidhani nawasaidia."

"Mimi nilichapisha," Bi Dodoso akasema. "Tena jaridani. Na nikatundika ukutani."

Wakatazamana, na muuguzi mkuu, ambaye hakuna mtu kliniki aliyewahi kuona meno yake yote, akaangua kicheko.

Kuanzia hapo walifanya kazi pamoja. Walikaa na rekodi, wakazisikiliza neno kwa neno, wakabishana juu ya kila walichodhani wamekielewa. Mwishowe waliandika swali moja la kuulizwa kila mgonjwa anapopimwa: "Mbali na dawa hizi, ni nini kingine kinachokusaidia, na nani anajua kwamba unazitumia?" Lilikuwa swali dogo, lisilo na kisanduku. Wagonjwa walilijibu kwa urefu. Wakataja mashehe na wachungaji, dada zao, majirani, mazoezi, majani ya kuchemsha, na mara nyingine wakasema kwamba hakuna anayejua, jambo ambalo lilihitaji kujulikana kuliko yote.

Dereva alirudi kama alivyoelekezwa, na mara ya tatu akaja na mchungaji wake. Mchungaji alikuja kifua mbele, tayari kwa mabishano. Muuguzi akamkaribisha kiti, akamwambia, "Mchungaji, kabla hatujazungumza, tukupime nawe." Presha yake ikaonekana iko juu kuliko ya dereva. Mchungaji akaitazama mashine, akamtazama dereva, akasema kwa unyonge, "Hiki kidonge chako kinaitwaje?" Dereva alicheka hadi machozi, kisha akamtolea mwenzake boksi lake ili asome jina.

Mwaka wa kwanza wa kazi hiyo, kati ya wagonjwa mia mbili wa kliniki, walioacha kuja walikuwa kumi na mmoja. Mwaka uliotangulia walikuwa thelathini na wanane. Mganga mkuu wa hospitali alitaka kuyatangaza matokeo mara moja, lakini Bi Dodoso alimkatalia. "Ni kliniki moja na mwaka mmoja," alisema. "Na huenda wamerudi kwa sababu sista siku hizi anatabasamu." Alichokubali ni kuandika alichokiona, na kuorodhesha, tena mbele kabisa, mambo yote ambayo hakuyajua.

Jarida lile lile lililoondoa makala yake likachapisha hayo mapya. Barua zikaanza kuja kutoka vyuo alivyovisikia kwa majina tu. Walimu wa utafiti waliandika kwamba wanaisomesha barua yake ya kujisahihisha darasani, na kwamba wanafunzi huanza kuyapitia upya maswali yao wenyewe wanapoifikia ile sehemu ya fundi seremala. Somo lake jipya lilianza na wanafunzi kumi na wanne. Baada ya miaka mitatu wakawa tisini, nusu kutoka sayansi na nusu kutoka elimu ya dini. Mwenzake wa chumba cha chai, yule wa asilimia, alimletea dodoso lake mwenyewe. "Nisomee," alisema, hakukaa hata kidogo. "Niambie wapi nimejidanganya."

Uprofesa mshiriki aliupata miaka sita baada ya siku aliyokuwa aupate. Mkuu wa idara, akiwa karibu kustaafu, ndiye aliyemkabidhi barua, na safari hii miwani hakuifuta. Mama aliisoma barua kwa lenzi kubwa ya mkononi, akaisoma tena, akauliza, "Mshiriki maana yake nini? Nusu?"

"Karibu na profesa kamili, mama."

"Sawa. Waambie wakimaliza na hiyo nusu nyingine waniite."

Muuguzi mkuu alijiandikisha shahada ya uzamili chini ya usimamizi wa Bi Dodoso akiwa na miaka hamsini na moja, huku wanawe wakimtania kwamba sasa ni yeye wa kuulizwa kama amefanya kazi za shule. Aliandika juu ya wagonjwa wa sukari wanaofunga kwa ajili ya ibada, na jinsi wanavyojipangia dawa wenyewe pale wanapoogopa kumwambia daktari. Siku ya kuitetea kazi yake, watahini walikuwa watatu, na mmoja wao alikuwa yule mhadhiri wa biolojia, mvi kichwa kizima. Alimbana muuguzi kwa dakika arobaini, swali juu ya swali. Mwishoni akafunga kitabu.

"Swali la mwisho si la mtihani," alisema. "Nina wanafunzi wanaofunga na wana sukari. Huwa siwaulizi. Niwaulize vipi?"

Muuguzi alisogeza kiti chake mbele akaanza kumweleza, kwanza kwa heshima ya mtahiniwa, kisha kwa sauti yake ya kliniki. Mtahini akaomba kalamu. Bi Dodoso, aliyekaa nyuma kwa sababu msimamizi haruhusiwi kusema, aliuma midomo yake asicheke kwa furaha.

Walimfaulisha. Wiki mbili baadaye hospitali nne zilikubali kujaribu lile swali lao la kliniki, mbili mjini na mbili mashambani. Jumatatu asubuhi gari la hospitali liliwachukua Bi Dodoso na muuguzi mkuu kwenda kuyaanza majaribio hayo, wakaketi kiti cha nyuma na kikapu cha chakula katikati yao. Kabla hawajafika njia kuu walikuwa wameshaanza kubishana kuhusu mahali pa kuanzia, na dereva wa gari hilo akapunguza sauti ya redio ili asikie vizuri.